Ukanda Uliogeuzwa

Dada hakuwa mtu mbaya, ila wiki hiyo roho ya kwa nini ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Afisa wa makumbusho alikuwa anakuja kuchagua mkeka mmoja, mmoja tu, autundike ukutani pamoja na hadithi yake. Na Dada alijua ni wa nani. Kila aliyeingia kibarazani kwao alimsifu mdogo wake: "Mama yenu mtupu huyu!" Na yeye aliyeketi miguuni pa mama akisuka tangu hajang'oa jino la utoto, yeye nani? Mpita njia?

Basi asubuhi, siku moja kabla ya ugeni, mdogo wake alipokwenda sokoni kununua rangi, Dada aliutandaza mkeka wa mdogo huyo. Mkeka ni kanda ndefu za ukindu, zinasukwa, kisha zinashonwa ubavu kwa ubavu. Akafumua ukanda wa katikati, akaugeuza ili maua yake yapishane na ya wenzake, akaushona tena chapuchapu. Akaukunja mkeka vilevile. Kisha akachemsha chai, akainywa kwa raha zake.

Kesho yake afisa alifika, kalamu sikioni. Mkeka wa Dada aliusifu kwa adabu, akauweka kando. Wa mdogo mtu aliupigia magoti.

"Mbona ukanda huu umegeuka?" akauliza. "Na mshono wake umelalia kushoto. Mingine yote imelalia kulia."

Lo, Dada! Alikumbuka kila kitu, akasahau mkono wake! Alikuwa wa kushoto, kama marehemu mama. Mdogo wake ni wa kulia.

Mdogo wake alipitisha kidole juu ya mshono, polepole, hadi mwisho. Akainua macho, akamtazama dada yake. Alikuwa ameshaelewa.

"Huo ni mkono wa mama," akamwambia afisa. "Utotoni nilikuwa nalia niuige, nikashindwa. Nyumba hii anao mmoja tu, dada yangu."

Maneno hayo Dada aliyangoja miaka ishirini. Leo kapewa bure, mbele ya mgeni, na hana pa kuuficha uso.

"Basi nauchukua huu," afisa akasema, akiichomoa kalamu sikioni. "Huu ukanda hadithi yake nini?"

"Muulize dada."

Dada alikuwa ametunga hadithi tatu tamu za mkeka wake mwenyewe. Hakuna hata moja iliyokuja.

"Niliufumua jana, mwenyewe yuko sokoni," akasema. "Nilitaka usimchague. Nilimwonea wivu."

Kalamu ya afisa ikasimama.

"Andika, ndugu yangu," mdogo wake akasema, huku akimsogezea dada yake kigoda. "Si ulitaka hadithi ya mkeka?"