Kiyoyozi cha Mama Pindo

Mnunuzi wa kwanza aliingia akitabasamu na akatoka akijipepea kwa kofia. Alipofika chumba cha nyuma, kiyoyozi kilikuwa kinakoroma darini kama mzee mwenye mafua, na tundu la ukutani lilikuwa linatoa hewa vuguvugu. Hakutaka tena kuona jiko, wala hakuuliza kama paa linavuja. Alimwambia dalali palepale kwenye korido kwamba nyumba ni nzuri, ila atakayeinunua ananunua na mzigo wa kubadilisha mfumo mzima wa hewa. Basi bei ishuke theluthi, la sivyo wamtafute mwingine.

Mama Pindo aliyasikia yote akiwa nyuma ya cherehani yake. Jina hilo alipewa na wateja, maana aliweza kukukunjia pindo la suruali hukohuko mwilini, na ukatoka pale bila kuchomwa sindano. Alikuwa mjane sasa, na alitaka kuuza nyumba ahamie karibu na binti yake, ambaye alikuwa amejifungua mapacha na kila akipiga simu alisikika kama mtu anayelala amesimama.

"Theluthi," alisema Mama Pindo, mnunuzi alipokwisha kuondoka. "Kwa hela hiyo nitapata nyumba gani huko? Isiyo na mlango?"

"Mama, watu siku hizi wanaangalia paa na hewa," alisema dalali. "Hapa kwetu kiangazi kinachoma, na baridi ikija inakata. Mashine hii hii ndiyo inapoza, na ndiyo inapasha joto. Ikichoka, mnunuzi anaona nyumba nzima imechoka. Ita fundi aiangalie."

"Sitaki fundi."

Wifi yake, dada wa marehemu, aliinamisha macho akajifanya anaokota nyuzi sakafuni. Alijua. Kiyoyozi kile kaka yake alikifunga kwa mikono yake. Kila majira yalipobadilika alipanda ngazi, tochi mdomoni, akakisafisha, akashuka na utando wa buibui kwenye nywele akidai chai kama mtu aliyelima shamba zima. Tangu azikwe, mfuniko wa darini haukufunguliwa. Mama Pindo aliiweka ile ngazi stoo, akaifunika shuka.

Dalali alikuna shingo. "Basi tufanye hivi. Wateja wengine wanakuja keshokutwa. Washa mapema, jua halijapanda, ufunge madirisha na ushushe mapazia. Nyumba ikishapoa, zima kabla hawajafika. Mkoromo hawatausikia. Watasikia ubaridi tu."

"Na wakishahamia?"

"Wakishahamia ni nyumba yao."

Ile njia haikumpendeza Mama Pindo, lakini mfa maji haachi kutapatapa. Akakubali.

Waliokuja walikuwa muuguzi mmoja wa makamo na baba yake mzee, mwenye kifua kibovu. Muuguzi alizungushwa vyumbani na dalali. Mzee aliomba akae. Alikalishwa sebuleni, kwenye ubaridi ule wa asubuhi, akavuta pumzi ndefu, akaishusha polepole.

"Hewa ya hapa inavutika, mwanangu," alimwambia bintiye aliporudi. "Kule tulikopanga nalala nimekaa, kama kuku."

Mama Pindo alikuwa ameshika sinia la vikombe. Alimtazama mzee, akaufikiria mchana utakaokuja, joto limejaa hadi kwenye kuta, mashine ikikoroma bure na mzee huyu chini yake akitafuta pumzi. Akaliweka sinia mezani.

"Mzee, nisamehe," alisema. "Ubaridi huu ni wa kuazima. Kiyoyozi ni kibovu. Tumekiwasha mapema, tukakizima msijue."

Dalali alikohoa. Kisha akakohoa tena, kikohozi cha kweli safari hii, maana mate yalimpalia.

Muuguzi alimtazama Mama Pindo bila kukasirika. "Kinatengenezeka?"

"Sijui. Sijamruhusu mtu kukigusa. Mume wangu ndiye aliyekuwa anakisafisha."

Muuguzi alielewa zaidi ya alichoambiwa. Kazi yake ilikuwa imemkutanisha na wajane wengi. "Pole, dada," alisema. "Ita fundi akiangalie. Kikiwa kimekufa, tutazungumza bei. Kikiwa kinapona, tutazungumza vilevile. Mimi sijakimbia."

Fundi alikuja siku iliyofuata, mtu mnene aliyezungumza na skrubu zake kama watoto. Wifi ndiye aliyeitoa ngazi stoo na kuishikilia. Mama Pindo alisimama mlangoni, amekumbatia kitambaa ambacho hakuwa anakishona. Mfuniko ulipofunguka, vumbi lilimwagika. Alidhani atalia. Badala yake alipiga chafya, mara nyingi mfululizo, mpaka wifi akaanza kucheka na ngazi ikatikisika.

"Jamani, mimi niko juu huku," alisema fundi. Kisha akasema, "Mama, humu ndani kuna blanketi."

Alishusha kichujio cha hewa. Kilikuwa kimefunikwa na manyoya ya vitambaa, yameshikamana yakawa mazito kama sufi. Yote yalitoka kwenye cherehani. Mama Pindo aliyatambua kwa rangi. Juu palikuwa na buluu ya sare za shule. Chini yake weupe wa magauni ya harusi, kisha kijani cha mapazia ya hoteli. Chini kabisa palikuwa na weusi wa nguo alizowashonea ndugu wiki ile ya msiba. Aliupitishia kidole weusi ule.

"Kwa hiyo kimekufa?" aliuliza.

"Kimekabwa tu. Kompresa ni nzima, gesi ipo. Beringi ya feni ndiyo imelika, ndiyo inayokoroma. Naibadilisha leo leo." Fundi alichungulia tena darini. "Aliyefunga hii hakuwa mbabaishaji. Mabomba yote kayavika sponji vizuri."

"Kaka yangu huyo," alisema wifi.

Mama Pindo alitafuta kigoda akakaa. Ilikuwa ni nafuu tu, lakini ilimshukia kama uchovu wa safari ndefu.

Kilipowashwa, hewa baridi ilitoka kimya kiasi kwamba aliweka mkono kwenye tundu kuhakikisha. Fundi akageuza upande wa joto, nao ukaitika.

Muuguzi alirudi na baba yake saa ya jua kali, kwa makusudi. Alipita chumba kwa chumba akiinua kiganja mbele ya kila tundu. Aliporudi sebuleni alimkuta mzee amelala kitini, kichwa nyuma, anapumua kama mtoto. Hakumwamsha. Alimwambia dalali kwa sauti ya chini kwamba wataichukua, kwa bei ileile iliyotajwa mwanzo.

Nje, dalali alijifuta uso. "Mama, umenitoa jasho ndani ya nyumba ya baridi."

"Lilihitaji kukutoka," alisema Mama Pindo.

Jioni hiyo alimpigia binti yake. "Imeuzika. Bei kamili."

Upande wa pili pacha mmoja akalia, na wa pili akamfuata. "Mama, unakuja lini?"

"Nikishaifunga cherehani."

"Na mimi nitakuja kusalimia," alidakia wifi.

"Hakuna kusalimia. Utakuja kulala. Wale ni wawili, na mimi nina mgongo mmoja."

Wakapasha chakula cha mchana, wakakaa jikoni wakala taratibu, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuinuka.