Viti vya Kuazima

Mtaa mzima ulimjua Mama Skonzi, lakini hakuna aliyeijua sebule yake. Ukibisha hodi, mlango ulifunguka nusu, akatokea yeye na kikapu mkononi. "Karibu, karibu jamani, ila ndiyo natoka hivi." Basi maneno yenu yataishia hapo hapo kizingitini, wewe umesimama na yeye amesimama, mcheke mpaka mbavu ziume, maana alikuwa mcheshi kweli. Utaondoka umefurahi na usikumbuke kwamba hukukaa.

Ukweli ni kwamba hakuwa akienda popote. Ndani hamkuwa na pa kukalia, basi. Mlikuwa na mkeka, ndoo mbili, godoro moja alilolala na wanawe wawili, na ile sufuria yake kubwa nyeusi iliyomlea tangu awe mjane. Aliijaza vidonge vya unga, akaitia makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko, kisha akaketi kwenye ndoo kuilinda, kwa sababu moto wa juu na moto wa chini ni kama wake wenza, ukimpendelea mmoja tu umeharibu chakula. Skonzi zilitoka laini, za rangi ya asali. Lakini zilitoka chache. Mwenye duka alipotaka nyingine, alichoweza kumjibu ni "subiri", na mwenye duka hasubiri.

Siku moja wakaja watu wa shirika fulani na kipaza sauti, wakakusanya umati uwanjani kuhamasisha juu ya umaskini na namna ya kuutokomeza. Msemaji wao alikuwa na sauti nzuri. "Umaskini si aibu!" alinguruma, watu wakapiga makofi. Mama Skonzi naye akapiga, huku akisema moyoni kwamba si aibu kwa aliyeshika kipaza sauti. Ila habari ya tanuri ilipotajwa, masikio yalimsimama.

Waokaji wadogo wangepewa tanuri, kila mmoja lake, kwa masharti mawili. La kwanza, mtu wa shirika afike nyumbani aione hali kwa macho. La pili, majirani wasimame waseme kwamba wanamjua na watamshika mkono. Hapo nyuma waliwahi kuwapa watu matanuri wakawaacha peke yao, mwenyewe akaugua kidogo tu kazi ikafa. Tanuri moja, walisema, siku hizi kuku wanatagia ndani yake.

Mama Skonzi aliinua mkono kabla woga haujamwahi. Akaambiwa mgeni atafika Alhamisi.

Sharti la kwanza lilimchoma, la pili likamkosesha usingizi. Angewaombaje majirani wasimame naye bila kuwaambia anachokificha? Alijikaza akaenda kwa Shangazi, mama mtu mzima wa nyumba ya pili, ambaye hakuwa na mpwa hata mmoja mtaani pale lakini alikuwa shangazi wa kila mtu. Alikusudia kusema yote. Ulimi ukamsaliti katikati.

"Shangazi, Alhamisi nina mgeni wa heshima. Mwanamke. Anakuja kuniona."

"Kukuona?"

"Kuniona tu, na hali yangu."

Shangazi hakuuliza zaidi, na Shangazi asipouliza ujue ameshajijibu. Mjane miaka mitatu, uso bado una nuru, mikono ina kazi, na sasa mwanamke wa heshima anakuja kumwona yeye na hali yake. Huyo ni nani kama si dada wa bwana, anakuja kukagua kabla ya posa? Kabla jua halijazama mtaa mzima ulijua kwamba Mama Skonzi anaposwa.

Alhamisi asubuhi Mama Skonzi alikwenda bombani. Aliporudi na ndoo kichwani alidhani amekosea mlango. Sofa ya Shangazi ilikuwa imeegemea ukuta. Redio ya Fundi Redio ilikuwa ikiimba. Kulikuwa na pazia, meza ya kioo, birika la chai na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu. Katikati kabisa kilisimama kiti cha Kinyozi, kile cha kupanda na kushuka, na Kinyozi mwenyewe alikuwa akikifuta kwa taulo na uso kaukunja.

"Akalie hiki huyo wifi yako," alisema bila kumtazama.

"Wifi? Wifi gani tena?"

"Hodi!" ikasikika mlangoni.

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi, mwenye macho ya kutua juu ya kitu mpaka akielewe. Wakamkalisha kwenye kiti cha Kinyozi. Akaitazama sofa, akalitazama pazia, akapokea chai katika kikombe cha dhahabu, na kadiri alivyotazama ndivyo Mama Skonzi alivyoliona tanuri likiondoka.

"Mama, umejaliwa," alisema mgeni kwa upole. "Jana nilikuwa kwa mtu asiye na hata kigoda."

Sasa aseme nini? Dirishani vichwa vilibanana, mlangoni vilevile, wote wanatabasamu kama wazazi siku ya mtihani. Akisema kweli, atajivua nguo mbele ya mtaa. Akinyamaza, atabaki na sufuria yake mpaka azeeke. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii ya kwake ilisitiri mno, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa. Akalishika birika. Akamwongezea mgeni chai.

Shangazi akaona mwali wake anazubaa, akajitosa.

"Dada, mkimchukua huyu hamtajuta!"

"Kumchukua?" Mgeni aliweka kikombe chini.

"Hana ugomvi na mtu. Anaamka kabla ya jogoo. Na msidhani yuko peke yake! Akiugua, sisi tutamuuguza. Akizidiwa na kazi, tutaingia jikoni tumsaidie. Wanawe ni wetu, wanakula popote wanapokutwa na njaa. Si ndiyo, jamani?"

"Ndiyo!" dirisha likajibu.

Mgeni alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Na mko tayari kuyasema hayo mbele ya wenzangu?"

"Hata mbele ya bwana harusi mwenyewe!"

"Bwana harusi yupi?"

Redio ikaimba peke yake. Hapo ndipo mtu mmoja alipojipenyeza mlangoni, kitambaa shingoni, kichwa upande mmoja kimenyolewa na upande wa pili kichaka.

"Kinyozi," alilalamika, "ulisema kiti kinarudi sasa hivi. Nimechoka kusimama, na huko nje watoto wananicheka."

Mama Skonzi alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na ukuta ulipompokea kicheko kikageuka kilio, na kilio kikafungua mdomo.

"Kiti si changu," alisema. "Sofa si yangu, kikombe si changu, hata sukari uliyokunywa si yangu. Changu ni sufuria ile pale, na wanangu. Jamani, sina mchumba. Dada huyu amekuja kuona kama nafaa kupewa tanuri. Nawapokea mlangoni kwa sababu sina pa kuwakalisha. Nilikuwa naona haya."

Hakuthubutu kuinua macho. Alingoja kusikia watu wakiondoka.

"Kwamba huna mchumba sikujua, na imeniuma," alisema Shangazi. "Nilishachagua nguo. Lakini hiyo ya viti, mwanangu, nani asiyeijua? Kila tukibisha wewe unatoka. Unatoka uende wapi na skonzi ziko motoni, harufu imefika barabarani? Wanao wakija kwangu hawana haja na televisheni, wanagombania sofa. Ungekuwa na viti, mimi ningebebea nini sofa yangu kuileta huku, na mgongo huu? Mficha uchi hazai. Tulikuwa tunangoja useme."

Mama Skonzi aliinua macho. Hakuna aliyekuwa ameondoka. Aliona raha, raha ya mtu aliyetua mzigo na kugundua shingo bado inageuka.

Mgeni alikuwa ameshainuka kumpisha yule mwenye nusu kichwa. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi juu yake karibu na sufuria.

"Hali nimeiona," alisema, "na majirani nimewasikia. Sasa nionjesheni hizo skonzi, nisije nikatetea kitu nisichokijua."

Kinyozi alimalizia kichwa cha mteja wake pale pale katikati ya sebule, akipiga mluzi. Alinyoa polepole kuliko kawaida yake.

Tanuri lilifika, na waliolibeba kuliingiza ni wale wale waliobeba sofa. Wiki ile Mama Skonzi alipopata homa, Shangazi na Fundi Redio waliliwasha wao. Waliunguza skonzi za siku ya kwanza, za siku ya pili zikalika, na mwenye duka hakuambiwa tena "subiri".

Jioni moja Shangazi alibisha hodi. "Wageni wamenijaa nyumbani, sofa haitoshi. Huna hata kiti kimoja uniazime?"

Mlango ulifunguliwa wote, na mfunguaji hakuwa na kikapu.

"Nina viwili," alisema Mama Skonzi. "Lakini ingia kwanza ukae."

Shangazi akaingia, akakaa, akajilaza kwenye egemeo na kukataa kuinuka mpaka chai iishe. Wageni wake wakasubiri. Ndipo Mama Skonzi akavibeba viti vyote viwili akamfuata, na mlango wake akauacha wazi.