Kizingiti Kilichorudishwa

Sifa moja tu mwashi aliitaka duniani: mtu apite juu ya kazi yake asijue kwamba kuna mtu aliifanya. Wengine na wasifiwe kwa majumba mapya. Yeye alikuwa fundi wa kuziba, kuunga na kurudisha. Jiwe likipasuka katika mji ule wa kale, likimong'onyoka ukutani au ngazini, aliitwa yeye. Alilitazama kwa jicho moja kama mnunuzi asiye na haraka, akachonga kipande cha kuingia pale pale, akakiunga kwa chokaa iliyochanganywa na vumbi la jiwe lenyewe. Ukija kesho kutafuta kiungo, utatafuta mpaka uchoke. Ofisi ya majengo ya kale ilikuwa na amri yake, kwamba kila jiwe lirudi lilivyokuwa, na mwashi aliishika amri hiyo kana kwamba aliitunga mwenyewe.

Ujuzi huo hakuupata kwa waashi. Aliupata kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada alipinda nguo kwa mkono, na kila mshono uliojionyesha aliufumua akaanza upya. "Kokoto," alikuwa akimwambia, maana ndilo jina alilompa kwa udogo wake na ubishi wake, "pindo zuri ni lile lisiloonekana." Siku hizo Dada alikuwa na miguu yake, na Kokoto akichoka njiani alimbeba mgongoni huku akimsema kwa uvivu. Baadaye ugonjwa wa uti wa mgongo ukaichukua miguu. Akabaki na mikono, na mikono hiyo ikashona, ikapika, ikasukuma kiti cha magurudumu, na ole wako umguse kiti bila kumwuliza.

Mji wenyewe haukumfikiria mtu wa namna hiyo. Posta ngazi, benki ngazi, hata zahanati, mahali ambapo ungedhani mtu haendi kwa kurukaruka, nayo ngazi. Mbele ya mahakama kulikuwa na ngazi pana za mawe, na kando yake kibao kilichoahidi kwamba njia ya mteremko itajengwa hivi karibuni. Kibao kiliwekwa kikiwa chekundu. Jua lilikuwa limekifanya cha waridi. Ofisi ya majengo ya kale ilisema ngazi zile ni urithi, haziguswi. Urithi wa nani, hakuna aliyeuliza.

Na mahakamani ndiko Dada alikokuwa na shida. Binti yake alikuwa amefariki, akamwachia mtoto wa kike ambaye nyumba nzima ilimwita Kibibi. Bibi na mjukuu walilala kitanda kimoja na kugombana kwa ajili ya mto mmoja. Baba wa mtoto alikuwa hajulikani aliko kwa muda mrefu, kisha akajitokeza dada yake, yaani shangazi wa mtoto, akadai Kibibi akalelewe kwake. Wakili wa shangazi alikuwa mtu mwenye sauti ya asali. Alisema hana ubaya wowote na mama huyu, yeye anauliza tu: mtu wa kubebwa, atambebaje mtoto?

Dada hakubishana naye. Siku hiyo aliingia chumba cha mahakama kwa mikono yake mwenyewe, kiti kikiviringika moja kwa moja mpaka mbele ya hakimu, na hakimu alikuwa akimtazama tangu mlangoni. Aliporudi nyumbani alisimulia mpaka machozi ya kicheko yakamtoka. Yule anasema mimi wa kubebwa, alisema, na mimi nimemtangulia kufika mbele.

Mwashi alicheka naye. Hakumuuliza aliingiaje. Siku zote za kesi alikuwa kazini, jirani ndiye aliyemsindikiza, na yeye alidhani tu kwamba ipo njia, maana kwa Dada siku zote njia ilipatikana. Kuuliza si ujinga, lakini mtu huuliza lile asilodhani analijua.

Katika miezi ile ile kulitangazwa kwamba wakaguzi wa mambo ya kale wanakuja, na kila penye kidonda pafunikwe. Mwashi akapewa mlango wa ubavuni wa mahakama. Jengo lile zamani lilikuwa ghala, na wapagazi waliburuta mizigo juu ya kizingiti kile kizazi baada ya kizazi, mpaka jiwe likalika katikati, likalala sawa na sakafu. Mwashi alipoliona alilihurumia kama anavyohurumiwa mzee aliyeng'oka meno. Ncha zake mbili, zilizojificha ukutani, zilikuwa bado zinaonyesha kimo chake cha asili: shubiri moja na ushei. Alichonga jiwe jipya, akaliketisha, akalisugua likazeeka. Msimamizi alipitisha kiganja akasema angeweza kuapa kwamba halijawahi kuguswa. Usiku huo mwashi alilala usingizi wa mtoto aliyeshiba.

Siku ya hukumu aliomba ruhusa kazini ili angalau mara moja amsindikize dada yake. Kibibi alikuwa ameshatangulizwa ndani na afisa wa ustawi wa jamii. Dada alivaa gauni alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, akasukuma kiti chake, na mwashi akatembea kando yake akijivunia kuonekana naye. Walipofika mbele ya zile ngazi pana, akasimama, akaanza kukunja mikono ya shati.

"Si huko," Dada akasema. "Huko ni kwa wenye magoti. Mimi nina mlango wangu."

Akakata kona kuingia kichochoro cha ubavuni, kilichopanda taratibu hadi usawa wa sakafu ya mahakama. Mwashi alimfuata, akapunguza mwendo: mlango wa kichochoro kile aliujua.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, nyuma ya mabenchi, ulionekana mgongo wa wakili, na mbele kabisa meza ya hakimu. Na kati ya kiti cha Dada na chumba kile kilisimama kizingiti, kizima, kimenyooka, kingo zake kali. Magurudumu ya mbele yaligonga jiwe. Dada akarudi nyuma, akaja kwa nguvu zaidi, yakagonga tena. Askari wa mlangoni akasema kwa upole kwamba watu wa ukarabati wamepita hapa, mama, mlango umependeza lakini wewe umekuponza.

Dada akainama. Akapitisha vidole juu ya jiwe kutoka upande huu hadi upande ule, polepole, kama alivyokuwa akikagua pindo la nguo ya mtu mwingine. Akarudia. Alikuwa anatafuta kiungo na hakukipata. Kisha akainua uso, akamtazama ndugu yake.

"Kazi yako hii."

Mwashi alisema ndiyo. Alisema hakujua. Alisema mengine ambayo baadaye hakuyakumbuka, na yote yalikuwa kweli na hayakusaidia kitu. Akakimbia hadi mwisho wa kichochoro kutafuta ubao, lakini majukwaa yote yalikuwa yamekwisha kuondolewa ili wakaguzi wasikute takataka, na stoo yenye nyundo na tindo zake ilikuwa na kufuli la msimamizi. Alirudi mikono mitupu. Akamwomba askari wainue kiti wote wawili, Dada akiwa ameketi.

"Mkiniinua na kiti au bila kiti, nimebebwa," Dada akasema.

Askari akaingia kumnong'oneza karani kama hakimu angeweza kusogea mlangoni. Akarudi akitikisa kichwa: hakimu hanyanyuki kwa ajili ya mtu mmoja, na shauri likiitwa mara tatu bila mtu kujibu, linaendelea. Ndani karani akaita. Wakili akageuka kutazama mlangoni, kisha akatazama mbele tena kwa adabu. Karani akaita mara ya pili, na kutoka benchi la mbele sauti ya mtoto ikasema kwamba bibi yupo, yule pale nje.

Dada alifumba macho. Mikono yake ilikuwa bado imeshika magurudumu, na mwashi aliona vidole vikiachia kimoja kimoja.

"Haya, Kokoto," akasema. "Nibebe."

Mwashi akachuchumaa, Dada akamshika shingoni. Alikuwa mwepesi kuliko alivyotarajia, na wepesi ule ulimwuma kuliko uzito. Alivuka kizingiti chake mwenyewe kwa hatua ndefu, dada yake mgongoni, gauni jipya limejikunja magotini, na chumba kizima kikageuka. Wakili alisimama tu na kusogeza kiti chake ili wapate nafasi, kwa heshima zote, na akakaa tena. Hakukuwa na haja ya kusema. Hakimu aliuliza kama mama amekaa vizuri, akauliza kwa huruma, na Dada aliposikia huruma ile alijua.

Hukumu ilikuwa fupi. Mahakama ilitambua mapenzi makubwa ya bibi kwa mjukuu wake. Mahakama ilizingatia pia hali halisi kama ilivyojionyesha. Mtoto atakaa kwa shangazi yake, na bibi ana ruhusa ya kumtembelea wakati wowote apendao.

Kibibi alilia hadi akakwama pumzi, akatolewa kwa mlango wa mbele, kwa zile ngazi pana. Mwashi akamrudisha dada yake nje kama alivyomwingiza, akamketisha kwenye kiti chake. Akamnyooshea gauni. Alitaka kusema kwamba kesho atalivunja jiwe lile hata wamfukuze kazi, na angelivunja kweli, lakini kesho hapangekuwa na mtu wa kulipita.

Mwisho Dada aliuliza nyumba ya shangazi ni ipi. Mwashi akasema ni ile ndefu nyuma ya soko, wao wako orofa ya juu kabisa.

"Ngazi zake zikoje?"

Mwashi alizijua. Zilikuwa nyembamba, zenye kupinda, na mwaka uliopita alizirudisha moja moja kwenye kimo chake cha asili.

"Nzima," akajibu. "Nilizitengeneza mimi."

Dada akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei na kuikubali.

"Basi nitakuwa namngoja chini," akasema, akashika magurudumu yake, akatangulia.