Namba Juu ya Mstari

Vidato ishirini na viwili vya ngazi vilikatwa vikapungua sentimita tano kila kimoja, na aliyevichora ni Nyundo. Si mwanafunzi wala kibarua. Ni Nyundo, msimamizi wa karakana, fundi wa miaka ishirini na sita.

Uchungu ulianzia kwenye kozi. Mwenye karakana alinunua mashine ya kukata chuma inayosoma michoro ya kompyuta, kisha akawakusanya mafundi na kusema bila kupepesa: "Msimamizi atakayebaki ni yule atakayemaliza hatua ya pili ya kozi ya kuchora. Asiyeweza atarudi kuchomelea."

Hatua ya kwanza Nyundo aliipita kwa kung'ang'ania. Ya pili ilikuwa nuksi tupu, kwa sababu mwalimu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeajiriwa kuchora na kufundisha. Nyundo ndiye aliyemlea tangu darasa la tatu. Sasa aliamini kwamba mwanamke huyo amekuja kumng'oa kwenye kiti.

Walifundishwa kwenye iliyokuwa stoo ya rangi. Kompyuta nne, viti vya plastiki, na harufu ya rangi iliyokataa kutoka.

"Shemeji, hiyo mausi unaibinya kama unakamua jipu."

"Nimekulisha miaka tisa, leo unanisimanga mbele ya watu?"

"Ulinilisha, hukuninunua. Chora."

Wenzake wawili waliinamia kibodi zao wakijibana wasicheke.

Siku ya somo la vipimo, shemeji alisimama nyuma ya kiti chake. "Sikilizeni. Namba mnayoiona kwenye mchoro haiandikwi kwa mkono. Kompyuta inaisoma kwenye mstari. Kipimo kikibadilika, vuta mstari, namba itafuata yenyewe. Ukiandika juu ya namba, kompyuta itakuacha udanganye, lakini mashine..."

"Acha kunifundisha kunyonya," Nyundo alimkata. "Mimi nimekulia kwenye michoro ya karatasi. Chini kabisa iliandikwa: fuata namba, usipime mchoro. Kipimo kikibadilika, mchoraji anakwangua namba kwa wembe, anaandika nyingine, kazi inakwenda. Hayo niliyajua hujaota meno."

"Hiyo ni karatasi, shemeji."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"La mdogo nalo huvunja. Tena mawili."

Nyundo aliinuka, kiti kikaanguka, akatoka. Somo liliendelea bila yeye.

Wiki iliyofuata mteja wa ngazi ya ghala alipiga simu. Upana wa vidato si milimita 1100 tena, anataka 1150. Nyundo aliwaambia mafundi walioko kwenye jengo waifunge mihimili ya pembeni kwa kipimo kipya, kisha akaingia kwenye chumba cha kompyuta. Amri ilikuwa kwamba hakuna mchoro unaokwenda kukatwa kabla shemeji hajaukagua. Lakini shemeji alikuwa ametoka kwenda kula.

"Nimsubiri ameze ndiyo nikate?" aliwauliza wenzake.

Akabofya mara mbili juu ya 1100, akafuta, akaandika 1150. Namba ikakaa vizuri, safi kuliko ya wembe. Akaipeleka kwenye mashine. Mashine haisomi namba zilizoandikwa pembeni, inafuata mstari, na mstari ulikuwa bado 1100.

Kwenye jengo, kidato cha kwanza kilipita katikati ya mihimili kikagonga sakafu. Cha pili hivyo hivyo.

"Fundi," mteja alisema, "hii ngazi au kinywa cha kibogoyo?"

"Tutaunga vipande pembeni, mzee. Hutaona alama."

"Ngazi ya viraka sipandishi watu wangu. Beba vyuma vyako uende."

Jioni hiyo shemeji aliufungua mchoro mbele ya mwenye karakana. Akaibofya namba, akafuta maandishi ya Nyundo, na 1100 ikarudi yenyewe kama jini.

"Hili nililifundisha siku uliyoangusha kiti."

"Ulijua nitakosea, ukaninyamazia!"

"Sikuwepo, shemeji. Ulihakikisha sipo."

"Kwangu usikanyage tena."

"Sikanyagi. Na dada yangu nitamwambia sababu."

Mwenye karakana hakuwatazama. Alinyoosha mkono, na Nyundo akampa funguo za karakana.

Yaliyopotea ni haya. Mabamba matatu ya chuma, sasa yako kwenye lundo la vyuma chakavu nyuma ya choo. Siku nne za mafundi watano. Mteja mmoja, aliyehamia karakana ya jirani. Kiti cha msimamizi, ambacho Jumatatu alikikalia shemeji, na Nyundo akarudi kuvaa kofia ya kuchomelea. Na mkewe hajamsemesha, leo siku ya kumi na moja.