Bahari ya Luteni Cattermole

Mji wa Kettleford uko maili themanini kutoka baharini, uelekee upande wowote utakao, lakini Luteni Desmond Cattermole alikuwa na bahari yake mwenyewe. Ilianzia kwenye mnyororo uliofungwa mbele ya mlango wa jengo la kikosi cha kadeti, watoto wanaofunzwa ubaharia, ikaenea juu ya lami ya maegesho, ikaishia kwenye ukuta wa duka la mazulia, ambako yeye ndiye alikuwa meneja siku za kazi. Jengo lenyewe lilikuwa la matofali, lina bati linalovuja, nalo liliitwa Meli ya Mafunzo Petrel. Humo ndani hapakuwa na sakafu, kulikuwa na sitaha. Choo hakikuwemo kabisa. Choo kilikuwa ng'ambo ya bahari.

Kwenda huko ni kwa mashua. Mashua haikuwapo, lakini iliondoka saa nane kamili na saa nane na nusu, na ukiikosa unabana miguu mpaka ya pili. Jeshi la maji lenyewe lina desturi hiyo hata kwenye kambi zake za nchi kavu, ila kule wanaobana ni watu wazima wenye mshahara. Petrel walikuwa watoto, wengine wa miaka kumi tu. Lakini ndivyo walivyo watu wa aina ya Cattermole: wape hatua ishirini za lami, watakuchimbia bahari wakutoze ruhusa ya kuivuka.

Bronwen Tuffnell alikuwa na miaka kumi na sita, na alikipenda kikosi hicho kuliko kilivyostahili. Alijua kuunga kamba gizani. Alijua kupiga makasia kwenye bwawa la maji ya mji hadi bata wakampisha. Alichokosa ni kipande cha kitambaa chenye nanga, alama ya Kadeti Kiongozi. Na mwaka ule wa 1987 kitambaa hicho kilikuwa na maana, kwa sababu mwezi wa saba wilaya ingewapeleka viongozi wote, na viongozi peke yao, wiki mbili kwenye merikebu ya kweli yenye matanga ya kweli. Bronwen alikuwa hajawahi kulala kwenye chombo kinachotikisika.

Alikuwa ameshajaribu mara mbili. Mara ya kwanza Cattermole alipima kwa rula fundo la utepe wa kofia yake, akakuta limezidi robo inchi, akamwangusha. Siku ileile akampandisha Rupert, mtoto wa kaka yake, ambaye aliulizwa omo, ile pua ya meli, iko upande gani akajibu, "Inategemea." Mara ya pili mtoto wa jirani alianguka na baiskeli nje ya mnyororo, goti likachanika. Bronwen akaruka mnyororo, akamfunga bandeji safi kabisa. Aliporudi, Cattermole alikuwa anaandika kwenye kitabu cha mlangoni.

"Umezama, Tuffnell," alisema. "Aliyezama hapandishwi cheo."

Mama yake Bronwen, mgawa barua, alikuja kuuliza binti yake amezamaje kwenye lami. Aliambiwa asubiri mashua.

Hayo Bronwen hakuyasahau, wala hakujaribu kuyasahau.

Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi ya manyunyu. Mkaguzi wa wilaya, Kamanda Winifred Prowse, alikuwa anakuja saa tisa, na mtihani wa Bronwen ulikuwa kulinda mlango kwa saa nzima: kila anayeingia na anayetoka aandikwe, na likitokea la kutokea, yeye ndiye mwenye amri. Rupert aliwekwa pembeni yake kama tarishi. Cattermole alipita mara nne kukagua fundo la utepe.

Saa tisa kasoro dakika kumi, kigari cha kijani kikajitokeza kwenye kona. Cattermole akakiona dirishani, kisha akaona kitu kingine: gari la mazulia, la kwake, limekaa katikati ya nafasi aliyomtengea mkaguzi kwa chaki na vyungu viwili vya maua. Akachomoka na funguo mkononi, akampita Bronwen, akaruka mnyororo.

Rupert akatazama, akakuna shingo. "Ba'mdogo kaingia majini."

"Nimemwona."

"Kausha basi. Ukikausha unapita, Tuff. Mimi sijaona kitu, nilikuwa naangalia kiatu."

Bronwen aliangalia kitabu. Angenyamaza, merikebu ingekuwa yake. Dakika mbili tu, mzee ahamishe gari lake arudi. Lakini kitabu kilekile, kurasa sita nyuma, kilikuwa na jina lake, na mbele ya jina neno *amezama*, kwa wino mweusi. Akatia filimbi mdomoni.

"Mtu majini," alitangaza. "Upande wa kulia."

Petrel walikuwa wamefanya zoezi hilo mara mia kwa mdoli wa magunia, hawajawahi kupata mtu. Walimiminika mlangoni wote. Dilys Pym, mdogo kuliko wote, alikuwa na kazi ya kumnyooshea mzamaji kidole bila kumwachia, maana mawimbi humficha mtu. Akanyoosha. Cattermole akienda kushoto, kidole kushoto. Akiinama kufungua mlango wa gari, kidole chini. Boya likarushwa. Lilimpata kisogoni, kofia ikaruka hadi kwenye dimbwi.

"Tuffnell," alisema kwa meno, "acha upuuzi. Kamanda huyo hapo."

"Shika boya, afande. Usihangaike, utachoka."

"Nakuamuru ukome."

"Aliye majini hatoi amri, afande. Somo la nne. Ulitufundisha mwenyewe."

Kamanda Prowse alishuka garini polepole, mwanamke mfupi mwenye magoti mabovu na miaka thelathini ya jeshi la maji. Alifika kwenye mnyororo, akasimama, akaipigia saluti meli ya matofali bila kutabasamu.

"Naomba ruhusa ya kupanda."

"Samahani, afande. Tuna mtu majini."

Prowse akageuka. "Huyu?"

"Huyo."

"Muda gani?"

"Dakika nne, afande."

"Na bado anaongea."

"Anabisha, afande."

Cattermole akajikaza. "Kamanda, nilikuwa nahamisha gari tu, huyu msichana ana kinyongo na..."

"Shika boya, Luteni," Prowse alisema. "Niliwahi kumpoteza mtu aliyekuwa anaeleza."

Akashika. Watoto wanane wakavuta, naye akaja akiteleza juu ya lami kwa viatu vyake vilivyong'arishwa, akapandishwa juu ya mnyororo, akalazwa kwenye blanketi. Dilys alimvua viatu. Soksi moja ilikuwa na dirisha. Mwingine akamuuliza jina lake ni nani na leo ni siku gani, na alipogoma kujibu ikaandikwa kwamba amechanganyikiwa.

Prowse alikuwa anasoma kitabu. Alirudi nyuma kurasa sita.

"Na hii ya Tuffnell kuzama ni ipi?"

Bronwen akaeleza: baiskeli, goti, bandeji. Rupert, ambaye hakuna aliyemuuliza, akaongeza, "Ni kweli, afande. Mimi nilicheka."

"Leo ungeweza kunyamaza," Prowse alimwambia Bronwen.

"Ningeweza, afande."

"Kwa nini hukunyamaza?"

"Kazi ni kuandika wote." Akafuta manyunyu usoni. "Na nilitaka nimwone akivutwa."

"Hilo la pili usiliseme kwenye baraza la wilaya." Prowse alitoa mfukoni fomu ya kupandisha cheo, akaijaza akiwa amesimama, akamshushia Cattermole pale blanketini pamoja na kalamu. "Saini yako hapa chini ya yangu."

"Kamanda, kuna suala la fundo la utepe wake..."

"Desmond."

Akasaini. Ilimchukua muda, kama anaandika kwa lugha ya kigeni, na hakumtazama msichana hata mara moja.

Mwezi wa saba Bronwen alitapika kwenye ndoo ya merikebu kabla bandari haijapotea machoni, kisha kwenye viatu vya nahodha msaidizi, mzee wa Kiskoti mwenye subira ya ng'ombe.

"Wewe, mwanangu, si ndiye uliyewaambia wenzako huumwi na bahari?"

"Nilikosea, afande."

"Nenda kalale."

"Silali," alisema Bronwen, kijani usoni kama mboga, amekumbatia nguzo ya tanga kwa mikono miwili huku sitaha ikipanda na kushuka chini yake. "Afande, hivi inafanya hivi usiku kucha?"

"Usiku kucha."

"Vizuri," alisema, akaomba ndoo.