Kupita Juu ya Muleba

…na hapo ndipo ujinga wenyewe ulipo, aliwaza Verdiana, ndege itoke Mwanza, ikupitishe juu ya kwenu kabisa, Muleba, halafu isitue, ikupeleke mpaka Bukoba, ili upande basi urudi kulekule ulikopita, kilima baada ya kilima, tope la masika, na basi likinasa je, Mungu wangu… "Kwa ndege, ndugu, Muleba na Bukoba ni kufumba na kufumbua," alikuwa akisema bwana aliyeketi kando yake, ofisa kilimo mgeni anayehamia mkoani, "ila kwa barabara, loo, siku inakatika!" haya, umekwisha kunieleza, lakini akaitikia, ndiyo ndugu, wala hakumwambia kwamba anakwenda kumzika baba yake, mzee Kaijage, aliyefariki juzi, hakutaka pole ya mtu asiyemjua Tata, Tata aliyembebea sanduku kichwani mpaka shule ya masista, mwanamume mzima na sanduku la msichana, watu wakamcheka njia nzima, naye akawaambia chekeni, huyu ndiye atakayenifukia… basi wangoje, kaka yake Rugemalira anajua yuko njiani, wangoje mpaka jioni tu, ni kitu gani jioni moja… Ndege ikainama upande, mawingu yakaachana, na hiyo hapo Muleba, bati la kanisa, migomba, ule mteremko wa rweya, mbuga ya nyasi chini ya kwao ambako majirani hupanda njugumawe, na kwenye mteremko watu wameinama, safu nzima, wanalima. "Umeona!" ofisa akafurahi, akagonga kioo, "siasa ni kilimo hiyo, halafu waje waniambie watu wa huku wavivu!" nani kakwambia, mimi sijasema kitu, aliwaza huku akitazama migongo ile ikipanda na kushuka, maana kwao maiti ikiwa bado ndani hakuna jirani anayegusa jembe, hata mwenye njaa hagusi, angethubutu nani, kijiji kizima kingemtenga, mpaka marehemu azikwe, akishazikwa ndugu hubaki matangani na majirani hurudi shambani, na hawa wamerudi, tena wametawanyika mteremko mzima bila wasiwasi, kwa hiyo ni jana… ni jana, alipokuwa Mwanza kwenye foleni ya tiketi. Ajabu, hakulia. Alimkasirikia Rugemalira, akamkasirikia vizuri, kisha akaona hata hasira haina pa kukaa, joto lote hili, wangemweka wapi mzee wa watu, na mwili wake ukalegea kwenye kiti, ile haraka aliyotoka nayo alfajiri akaitafuta asiione. Muleba ikabaki nyuma ya bawa, ziwa likarudi. "Usijali, ndugu," ofisa akasema, "utafika mapema, kimbilia basi la mchana, utalipata." "Nitalala Bukoba," akasema Verdiana. "Nitakwenda kesho."