Neno Lililomzika Andrea

Nimefundisha Kiswahili darasa la sita kwa miaka thelathini na moja hapa Mtwara, na sijawahi kumvumilia mtu anayesema "hatunaye" akiwa na maana kwamba fulani ametoka kidogo. "Hatunaye" ni neno la msiba. Nimewakata watoto alama kwa ajili yake, na mchungaji wetu nimewahi kumsahihisha mlangoni mwa kanisa. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba ni mimi, Mwalimu Upendo, niliyemuua mume wangu kwa neno hilohilo, mna ruhusa ya kucheka. Yeye mwenyewe alicheka, ingawa alichelewa kuanza.

Mume wangu anaitwa Andrea. Alikuwa mwendesha winchi bandarini hadi alipostaafu. Miaka miwili iliyopita alikanyaga msumari, akasema ni kitu kidogo, akapaka mafuta ya taa. Siku ya tano sumu ilikuwa imeingia kwenye damu. Akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi siku kumi na moja, na humo ndimo figo zake zilipogoma. Wakamfunga kwenye mashine ya kusafisha damu mara nne, na mimi nilikuwa kwenye benchi la nje, nasali kwa hasira.

Siku ya kuruhusiwa aliambiwa hivi: "Figo zimeamka, mzee, lakini si zile za zamani. Utakuwa unakuja kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Tutakupigia simu." Andrea alisikia "zimeamka" basi. Yaliyofuata hayakumhusu.

Mimi nikaanza kupika bila chumvi. Yeye akaanza kutembelea marafiki.

Jumamosi moja asubuhi aliaga kwamba anakwenda dukani kununua vocha. Jumatatu vocha ilikuwa bado haijapatikana. Alikuwa ametuma ujumbe tu kwamba yuko Msimbati kwa Rajabu, mwenzake wa bandarini, na mimi namjua Rajabu: anakausha papa wenye chumvi ya kutosha mtaa mzima. Mchana huo, nikiwa na mwiko mkononi, ugali motoni na hasira ya siku tatu kifuani, simu ikalia.

"Shikamoo, mama. Napiga kutoka hospitali. Namuulizia mzee Andrea Mbilinyi."

"Hatunaye," nikasema.

Sauti ya binti ikalegea. "Jamani! Pole sana, mama. Tangu lini?"

"Jumamosi asubuhi."

"Alikuwa anaumwa?"

"Anaumwa nini! Ni ukaidi tu."

"Pole, mama. Jipe moyo. Ndiyo njia yetu sote."

Nilidhani anazungumzia ndoa. "Kweli, mwanangu," nikamjibu, "na wewe yatakukuta."

Akashukuru kwa sauti ndogo, akakata.

Niseme ukweli, nilifarijika. Tangu Andrea augue, watu walikuwa wanampa pole yeye: pole ya mguu, pole ya figo, pole ya kukonda. Mimi ninayepika sufuria mbili kila siku hakuna aliyenikumbuka. Nikaona huyu binti amelelewa vizuri, nikala ugali wangu kwa raha.

Wiki mbili baadaye ukaingia ujumbe kwenye simu yangu. Timu inayowafuatilia wagonjwa waliotoka chumba cha mahututi ilikuwa inaungana na familia ya marehemu Andrea Mbilinyi katika kipindi hiki kigumu. Marehemu alikuwa uani, amevaa msuli, anagombana na kuku.

Nilipaswa kupiga simu palepale. Sikupiga, na sababu ni aibu tu. Nimemsahihisha Andrea tangu tulipooana, hata kwenye sala. Angejua, angeipeleka habari hiyo mtaani kwetu Shangani kote na kwaya ya kanisa ingeiimba. Nikasema nitapiga kesho. Kesho ikawa wiki ijayo, wiki ijayo ikawa baada ya Pasaka. Simu za hospitali zilikoma, na Andrea akawa anatamba: "Umeona? Wameridhika wenyewe. Mimi nimepona." Nikamwacha aamini hivyo. Zaidi ya mwaka nilimwacha aamini hivyo.

Kisha viatu vyake vikaanza "kusinyaa". Ndivyo alivyosema, viatu vimesinyaa kwa joto. Jioni moja alivua soksi, ikabaki alama ya mpira imezama kwenye mguu. Nikambonyeza kwa kidole juu ya kifundo, nikatoa kidole, na shimo likabaki pale. Sisemi niliingiwa na wasiwasi. Niliogopa.

Asubuhi yake nilimpakia kwenye bajaji. Njiani niliomba mambo mawili, na naona haya kutaja nililoanza nalo: kwamba rekodi za hospitali ziwe zimepotea, na kwamba figo ziwe nzima.

Tulipokewa na daktari kijana, Mwanahamisi, mwenye ushungi wa samawati. Alipofungua tu mdomo kutuamkia, niliitambua sauti ile ya simuni. Aliandika jina kwenye kompyuta, kisha akaondoa mikono yake yote miwili kama aliyegusa chungu cha moto.

"Mzee, samahani. Jina hili ni la marehemu."

"Basi marehemu anaomba kiti," Andrea akasema. "Miguu inamuuma."

Akampa kitambulisho, wakalinganisha tarehe ya kuzaliwa. Ilikuwa yeye. Andrea akachangamka, hajapata burudani ya namna hiyo tangu astaafu.

"Nilikufa na nini, mwanangu?"

"Mzee, acha tu, nitarekebisha."

"Hapana, nisomee. Ni kifo changu."

Daktari akasoma kwa sauti ya chini. "Chanzo cha kifo hakijulikani. Ndugu wa karibu amesema ni ukaidi."

Andrea akageuza shingo polepole, akanitazama. Mimi nilikuwa nasoma bango la kunawa mikono ukutani, herufi moja baada ya nyingine.

Wakachukua damu, wakachukua mkojo, tukaambiwa tusubiri. Saa tatu nzima tulikaa kwenye benchi na Andrea hakusema neno. Huyu ni mtu anayeongea hata usingizini. Ningefurahi anitukane.

Tulipoitwa, daktari alikuwa ameweka karatasi mbili mezani, ya zamani na mpya.

"Presha yako iko juu sana, mzee. Mkojo una protini, na haikupaswa kuwemo. Ulipotoka hapa figo zilikuwa zinafanya kazi kama asilimia sitini na tano. Leo ni thelathini na nane."

"Mbona sikusikia maumivu?"

"Huwa haziumi. Mtu aliyeugua vile anaweza kujiona mzima kabisa huku zinashuka kidogokidogo. Ndiyo maana tunapiga simu." Hakugomba. Angegomba ningepumua. "Kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Ya goti tu. Diklofenaki. Moja asubuhi, moja jioni."

"Hiyo uiache leo. Inaziumiza."

Andrea akalamba midomo. "Na mashine?"

"Si sasa. Tukiishika presha, ukapunguza chumvi na ukaja kila ninapokuita, inawezekana usiione tena. Siwezi kukuahidi." Akainua kalamu. "Ila lazima niandike maelezo. Zaidi ya mwaka, mzee. Ilikuwaje ukapotea?"

Nikafungua mdomo. Andrea akaniwahi.

"Ni mimi, daktari. Siku mlipopiga nilikuwa nimekaa palepale sebuleni. Nilimwambia mke wangu aseme sipo, aseme nimekufa, aseme lolote. Alikataa, nikamlazimisha." Akatazama viatu vyake. "Naiogopa ile mashine. Friji la jirani likiunguruma natoka jasho. Nikaona bora nisijue."

Kwa miaka miwili, habari za mashine nilizozisikia kwake zilikuwa za utani tu, kwamba alifuliwa kama shati. Hilo la friji nililisikia palepale, pamoja na daktari, mtoto wa watu mwenye kalamu mkononi.

"Anadanganya," nikasema, kwa sauti ya darasani, hata muuguzi aliyekuwa mlangoni akasimama wima. "Alikuwa Msimbati anakula papa. Neno lile nililisema mimi, daktari, kwa hasira. Nikaja kujua mmelielewaje, nikanyamaza kwa kuona aibu. Asilimia alizopoteza, ziandike kwa jina langu." Nilitaka kuendelea ila machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

Andrea akapiga paja. "Mwalimu! Hata uongo wa kukuokoa unausahihisha?"

Hapo ndipo alipoanza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, na daktari akajificha nyuma ya karatasi zake, mabega yanamtikisika. Mimi nilikuwa natazama mkono wa Andrea uliokuwa juu ya meza. Ulikuwa unatetemeka, na haukuwa unatetemeka kwa kicheko.

Nikaushika. Watu wa umri wetu hatushikani mikono mbele za watu, lakini niliushika na sikuuachia hadi daktari alipomaliza kuandika tarehe ya kurudi.

"Sawa, ya sebuleni nilitunga," Andrea akaninong'oneza, kicheko kimemwisha. "Ila hayo ya mashine, Mwalimu..."

"Hayo ya mashine," nikamwambia, "sikuyasahihisha."